Dozi Ileile, Ubongo Mwingine: Jinsi Virusi Vinavyobadilisha Nguvu ya Vichangamshi

Panya wawili wa ukoo mmoja, umri mmoja na uzito mmoja wamedungwa amfetamini ya kipimo kimoja. Wa kwanza anachangamka: anakimbiakimbia kizimbani, ananusa kila kona, anasimama kwa miguu ya nyuma, na baada ya muda anatulia. Wa pili aliambukizwa virusi vya Borna majuma kadhaa nyuma, na yeye hakimbii sana. Amejibanza pembeni akitikisa kichwa juu na chini, akilamba waya, akitafuna kitu kisichokuwepo, na hamalizi. Panya mzima naye hufanya hivyo, lakini mpaka apewe dozi kubwa kwa mbali kuliko hiyo.

Dawa iliyo kwenye sindano ni ileile. Ubongo unaoipokea ndio uliobadilika, na kuelewa ulivyobadilika kunamhusu mganga anayemtibu mgonjwa wa VVU anayetumia kokeini, mtafunaji wa miraa aliyewahi kuugua homa ya ubongo, na hata muuguzi aliyeshika bomba la haloperidoli, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, usiku wa manane. Tukisema vichangamshi hapa tunakusudia kokeini, amfetamini na methamfetamini, methilfenidati wanayoandikiwa watoto wenye shida ya kutulia na kumakinika, na kathinoni, ile kemikali inayoipa miraa mbichi nguvu yake.

Wengi huuliza kama virusi huongeza au hupunguza nguvu ya dawa hizi. Swali hilo limekaa upande, kwa sababu mgonjwa mmoja anaweza kupata yote mawili kwa siku moja: raha imepungua, kutetemeka na wasiwasi vimeongezeka. Inabidi tutazame dawa inashika wapi.

Pampu, akiba, vipokezi na breki

Seli zinazotengeneza dopamini ni chache ukilinganisha na kazi zilizotwishwa. Miili yake imekusanyika katika ubongo wa kati, kwenye substansia nigra na eneo la jirani yake, na nyuzi zake husafiri hadi sehemu tatu zinazotuhusu: striatamu inayoratibu mwendo, akumbensi inayobeba hamu na raha, na gamba la mbele ambalo kazi yake mojawapo ni kuzuia pupa.

Mwisho wa kila uzi kuna kituo kidogo. Dopamini hupakiwa kwenye vifuko, na ishara ya umeme ikifika vifuko hufunguka. Dopamini huvuka pengo dogo na kugusa vipokezi vya seli ya ng'ambo, kisha pampu iitwayo DAT huizoa na kuirudisha ndani. Kokeini huiziba pampu hiyo kwa nje, na dopamini iliyomwagwa hukaa pale muda mrefu kuliko kawaida. Amfetamini ina ujanja zaidi. Hupita ndani ya pampu kama abiria, huvuruga vifuko hadi vitoe akiba, kisha huigeuza pampu isukume dopamini nje badala ya kuivuta ndani. Methamfetamini na kathinoni hufuata njia hiyohiyo. Methilfenidati huziba tu, kama kokeini, ila ikimezwa huingia ubongoni polepole.

Kwa hiyo kokeini hutegemea seli iendelee kumwaga yenyewe, na amfetamini hutegemea pampu za kupitia na akiba ya kumwaga. Virusi vinaweza kugusa chochote kati ya hivyo. Vinaweza kugusa vipokezi vya ng'ambo. Vinaweza pia kuacha kituo kizima salama na kuharibu gamba la mbele, yaani breki.

Jaribio lililofafanua jambo hili vizuri halikuhusu virusi hata kidogo. Mwaka 1971 Urban Ungerstedt wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, alitumia sumu ya 6-hidroksidopamini kuua nyuzi za dopamini za upande mmoja wa ubongo wa panya. Panya huyo akipewa amfetamini, huzunguka akielekea upande ulioharibiwa, kwa kuwa upande mzima peke yake ndio wenye dopamini ya kumwaga. Akipewa apomofini, ambayo hugusa vipokezi moja kwa moja bila kuhitaji akiba ya mtu, huzunguka kinyume. Vipokezi vya upande uliokauka vimekaa na njaa hadi vikawa vikali, na tone dogo linaviamsha kupita kiasi. Jeraha ni moja, na kila dawa imetoa jibu lake. Anayelikumbuka jaribio hili hashangai anapokuta matokeo ya virusi yanapishana.

Borna, mji wa farasi waliokufa

Jina la virusi hivi linatoka katika mji mdogo wa Saksoni, Ujerumani, ambako farasi wengi wa kikosi cha jeshi walikufa mwaka 1885 kwa ugonjwa wa ubongo. Ni virusi vya RNA vinavyopenda seli za neva na vinavyojizalisha ndani ya kiini cha seli, tabia adimu kwa virusi vya aina hiyo. Haviui seli vinamoishi. Panya akiambukizwa akiwa mkubwa, uharibifu huletwa na askari wa mwili wake mwenyewe, hasa seli T za aina ya CD8, zinazovamia ubongo kuwinda seli zilizoambukizwa. Akiambukizwa siku alizozaliwa, kinga yake ikiwa bado changa, virusi hukaa ubongoni maisha yote bila vita kubwa, na madhara yake huwa ya chinichini zaidi.

Panya mkubwa aliyepita vita hiyo hubaki na mwili unaohangaika, viungo vinavyojipinda na tabia za kurudiarudia hata kabla ya kupewa dawa. Katika miaka ya 1990 Marylou Solbrig na wenzake Marekani waliwapa panya hao amfetamini na kokeini, na kwa zote mbili wakaona mwitikio mkubwa kuliko wa panya wazima. Walipopima ubongo walikuta pampu za DAT zimepungua katika striatamu na akumbensi.

Kuna fumbo hapo. Kama amfetamini inahitaji pampu ili iingie, na pampu zimepungua, mwitikio ulipaswa kushuka kama upande mbovu wa panya wa Ungerstedt. Tofauti iko kwenye kiwango cha uharibifu. Sumu ya Ungerstedt ilifyeka karibu nyuzi zote, ilhali virusi vya Borna huzipunguza tu. Nyuzi zilizobaki bado zina akiba na bado zinamwaga, lakini wazoaji ni wachache, hivyo kila kinachomwagwa hukaa pengoni muda mrefu na kusambaa mbali. Isitoshe, vita vya kinga havikuishia kwenye nyuzi za dopamini. Gamba la mbele na mfumo wa limbi (sehemu zinazobeba hisia), ambavyo kwa kawaida huishika striatamu hatamu, navyo vimejeruhiwa. Gari lenye mafuta kidogo lakini lisilo na breki bado litaporomoka mlimani. Kwa maoni yetu, breki hii ndiyo inayosahaulika zaidi na wanaoandika juu ya dopamini kana kwamba ni hadithi ya kemikali moja.

Kuna jambo la kuongeza hapa, maana Borna iliwahi kutajwa vibaya. Mwishoni mwa karne iliyopita ilidaiwa kwa sauti kubwa kuwa virusi hivi husababisha sonona na maradhi mengine ya akili kwa binadamu, na sehemu kubwa ya ushahidi ikaja kuonekana kuwa uchafuzi wa sampuli maabara. Hilo halimaanishi binadamu yuko salama. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walithibitisha kuwa virusi hivyo vimeua watu kwa homa kali ya ubongo, wakiwemo waliopandikizwa viungo kutoka kwa mtoaji mmoja. Vinabebwa na aina moja ya kirukanjia wa Ulaya ya kati. Huku kwetu thamani ya Borna ni ya kufundishia: inaonyesha waziwazi kwamba ubongo unaweza kunusurika na virusi, ukabaki na mizani iliyopinda.

Mtego wa kuhesabu hatua

Tusimame kidogo kwenye vipimo, kwa sababu hapa ndipo makala nyingi hupotosha. Njia ya kawaida ya kupima mwitikio wa panya ni kizimba chenye miali ya mwanga isiyoonekana: panya akikatiza mwali, mashine inahesabu. Dozi ikipanda, hesabu hupanda. Ikipanda zaidi, hesabu huanza kushuka, kwa kuwa panya ameacha kukimbia na kuganda mahali pamoja akitafuna na kutikisa kichwa. Panya mwenye ubongo mwepesi kuchochewa hufika hatua hiyo mapema. Mashine itasema ametembea kidogo kuliko mwenzake, na msomaji wa haraka ataandika kuwa virusi vimepunguza mwitikio, kumbe vimeuongeza hadi ukavuka kilele. Ndiyo maana dozi moja haitoshi kutoa hukumu. Zinahitajika tatu au nne, kuanzia ile ndogo isiyomgusa panya mzima, na awepo mtu wa kutazama picha na kutoa alama za tabia za kurudiarudia.

Mtego wa pili ni hali ya kuanzia. Panya wa Borna tayari wanahangaika kabla ya sindano, kwa hiyo ongezeko lipimwe dhidi ya panya aliyeambukizwa na kudungwa maji ya chumvi, si dhidi ya panya mzima peke yake. Mtego wa tatu ni kiasi cha dawa kinachofika ubongoni. Maambukizi hulegeza ukuta unaotenganisha damu na ubongo, homa hubadilisha mtiririko wa damu, na mgonjwa aliyekonda hupewa dozi kwa uzito usio wa kwake wa siku zote. Bila kupima dawa ndani ya ubongo wenyewe, huwezi kujua kama ubongo umekuwa mwepesi au umepokea nyingi zaidi.

Raha nayo hupimwa kwa njia nyingine: vyumba viwili vyenye sakafu na rangi tofauti, kimoja cha dawa na kingine cha maji ya chumvi, kisha siku ya mwisho panya anaachwa achague pa kukaa bila kudungwa chochote. Kukimbia na kupenda hubebwa na njia tofauti za ubongo, na virusi vinaweza kugusa moja vikaiacha nyingine.

Ugonjwa wa kusinzia wa Vienna na vidonge vya 1937

Kwa binadamu, mfano wa kwanza mkubwa ulikuja mwaka 1917, pale Constantin von Economo wa Vienna alipoeleza ugonjwa wa homa, macho kulegea na usingizi usiokwisha, ulioenea duniani kwa takriban miaka kumi. Kisababishi chake hakijawahi kukamatwa, hivyo kuuita wa virusi ni dhana tu. Jeraha lake linajulikana vizuri: ubongo wa kati, ikiwemo substansia nigra. Wengi walionusurika waligeuka miaka baadaye kuwa watu waliokakamaa, wenye dalili za Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, wakiwa bado vijana.

Miaka ya 1930 madaktari waliwapa amfetamini, iliyouzwa kwa jina la Benzedrine, na baadhi wakapata ahueni ya usingizi na ukakamavu. Levodopa, dawa inayogeuka kuwa dopamini ubongoni, ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1960, ilibainika kwamba wagonjwa hawa huitikia vipimo vidogo kuliko wagonjwa wa kawaida wa Parkinson, na kwamba miili kujipinda na akili kuvurugika huja mapema zaidi. Ni vipokezi vyenye njaa vya Ungerstedt, safari hii ndani ya binadamu.

Historia ya dawa za watoto wasiotulia nayo inapita mlango huohuo. Emma Pendleton Bradley, binti wa tajiri wa Rhode Island, Marekani, aliugua homa ya ubongo akiwa na miaka 7 na kubaki na ulemavu. Wazazi wake waliacha mali ya kujengea hospitali ya watoto wenye matatizo ya neva, iliyofunguliwa mwaka 1931. Humo ndimo daktari Charles Bradley alimowapa Benzedrine watoto 30 wenye matatizo ya tabia na kuchapisha matokeo mwaka 1937: 14 walibadilika ghafla katika masomo, na wengi wakawa watulivu badala ya kuchachawa. Kumbe kichangamshi kinaweza kutuliza, kikikuta breki iliyolegea na kuikaza.

Afrika Mashariki tuna kirusi chetu kwenye orodha hii. Virusi vya West Nile vilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937, kwenye damu ya mwanamke wa wilaya ya West Nile, Uganda. Wengi wanaoambukizwa hawaumwi chochote. Kwa wachache wanaopata homa ya ubongo, virusi hupenda thalamasi (kituo cha kupitisha ishara), viini vya chini (kundi la viini ambalo striatamu ni sehemu yake) na substansia nigra, na mtetemeko pamoja na ukakamavu ni miongoni mwa dalili zake. Homa ya ubongo ya Japani, iliyoenea Asia, huacha alama karibu na hizo.

VVU: kirusi kisichogusa neva, na bado kinaziumiza

VVU huingia ubongoni mapema, ndani ya majuma ya kwanza, vikiwa vimebebwa na seli nyeupe za damu. Huko haviambukizi seli za neva. Vinakaa katika mikroglia na makrofaji, walinzi na wazoa taka wa ubongo, na kutoka humo vinatoa protini mbili zenye sifa mbaya, Tat na gp120. Sehemu zinazolemewa zaidi ni viini vya chini na substansia nigra, yaani kitovu chenyewe cha dopamini. Ndiyo sababu udhaifu wa akili wa VVU usiotibiwa hufanana na Parkinson kuliko na Alzheimer: mgonjwa anakuwa mzito, anachelewa kujibu, hamu imekufa, mikono inatetemeka, huku jina lako analikumbuka.

Tat hushika pampu ya DAT mahali tofauti na pale kokeini inaposhika, na kuilegeza. Ukiongeza kokeini juu yake, pampu imebanwa pande mbili. Panya wa aina ndogo waliotengenezwa ili ubongo wao utoe Tat pale wanapopewa dawa ya doksisaiklini huonyesha kupenda chumba cha kokeini kuliko wenzao. Panya wa aina ndogo wenye gp120 nao huvutwa zaidi na methamfetamini. Kisha kuna panya wa aina kubwa waliotengenezwa Baltimore, Marekani, mwaka 2001, wanaobeba jeni 7 kati ya 9 za VVU bila uwezo wa kuzalisha virusi vizima. Hawa methamfetamini huwaongezea haraka tabia za kutikisa kichwa, ilhali katika vipimo vingine wanaonekana wazito na wasio na hamu. Kwa aliyesoma aya za juu hakuna mgongano hapo: njia ya mwendo imekuwa nyepesi, njia ya hamu imedhoofika.

Kwa binadamu, picha za PET (za kupima kemikali ndani ya ubongo wa mtu aliye hai) zilizochapishwa mwaka 2004 zilionyesha DAT imepungua kwa wagonjwa wa VVU waliopata udhaifu wa akili, hasa katika sehemu ya striatamu iitwayo putameni. Mtu aliye hivyo akitumia kokeini au methamfetamini anaikamua akiba ambayo tayari ni haba, na methamfetamini ina ubaya wa ziada: kwa dozi kubwa yenyewe huchoma nyuzi za dopamini na kulegeza ukuta wa damu na ubongo. Dopamini inayofurika nayo haikai kimya. Makrofaji wana vipokezi vya dopamini, na maabara imeonyesha kuwa dopamini nyingi hurahisisha VVU kuingia ndani yao. Virusi vinaufanya ubongo uwe mwepesi kwa dawa, na dawa inavifungulia virusi mlango.

ARV zinasaidia sana hapa, na udhaifu mkubwa wa akili umekuwa adimu tangu zianze kutumika. Lakini zielewe zinachofanya: zinazuia virusi kujizalisha na kuambukiza seli mpya. Seli ambayo tayari imemeza jeni za VVU haizuiwi kutoa Tat. Mtu ambaye virusi vimefubazwa, kipimo cha damu hakioni kitu, bado anaweza kuwa na walinzi wa ubongo waliokasirika. Uzito mdogo wa kufikiri unaobaki kwa baadhi ya watumiaji wazuri wa dawa huenda una asili yake humo.

Kabla ya kulaumu ubongo, uliza ini

Mgonjwa wa VVU anayezidiwa na kichangamshi kwa dozi aliyoizoea anaweza kuwa na ubongo uleule, ila dawa haisafishwi. Mfano unaojulikana sana uliripotiwa Uingereza mwaka 1998: mwanamume aliyekuwa kwenye ritonaviri, mojawapo ya ARV, alikufa baada ya kumeza ekstasi, dawa ya kulevya ya jamii ya amfetamini, na kiasi kilichokutwa kwenye damu kilikaribia mara kumi ya kilichotarajiwa. Ekstasi huvunjwa ini na kimeng'enya CYP2D6, na ritonaviri ilikuwa imekifunga. Enzi hizo ilitolewa mg 600 mara mbili kwa siku. Siku hizi, katika dawa za mstari wa pili kama atazanaviri au lopinaviri, huwekwa kama kiongeza nguvu, kwa kawaida mg 100 kwa kila dozi. Kwa kiwango hicho athari yake kwa CYP2D6 ni ndogo zaidi, lakini kwa CYP3A4, kimeng'enya kingine cha ini, bado ni kali.

TLD, kidonge cha tenofoviri mg 300, lamivudini mg 300 na dolutegraviri mg 50 wanachomeza wengi Tanzania na Kenya leo, hakifungi vimeng'enya hivyo. Shida yake kwa mada hii ni nyingine: dolutegraviri huwakosesha baadhi ya watu usingizi, na ukiongeza kichangamshi cha jioni unapata mtu aliyekesha siku tatu anayeanza kusikia sauti. Kwa mwenye tatizo hilo, kumeza TLD asubuhi mara nyingi kunatosha.

Urithi nao una neno. Katika watu wengi wa Afrika Mashariki, Watanzania wakiwemo, kuna aina ya jeni ya CYP2D6 iitwayo *17 inayofanya kimeng'enya kifanye kazi polepole. Ethiopia kinyume chake: uchunguzi wa mwaka 1996 ulikuta asilimia 29 ya waliopimwa wana nakala za ziada za jeni hiyo. Majirani wawili wakimeza kitu kimoja wanaweza kupishana sana bila kirusi chochote kuhusika.

Kutofautisha ini na ubongo kitandani kwa mgonjwa si jambo la uhakika kamili, ila kuna dalili ya kuegemea. Dawa iliyokwama mwilini huongeza kila kitu: mapigo ya moyo, presha, joto, jasho, mboni kupanuka, na hukaa saa nyingi kuliko kawaida. Ubongo uliopinda huongeza baadhi tu: shingo inapinda, taya linatafuna, mtu ana hofu na kusikia sauti, huku mapigo ya moyo yakilingana na dozi aliyotumia.

Miraa

Miraa ni zao halali Kenya, na Tanzania, inakoitwa mirungi, ni marufuku. Kathinoni iliyomo hupita kwenye pampu ya dopamini na kuigeuza kama amfetamini ifanyavyo, kwa nguvu iliyo chini yake. Baada ya kuvunwa hubadilika upesi kuwa kathini, iliyo dhaifu zaidi, ndiyo maana miraa hufungwa kwenye majani ya mgomba na magari ya Meru hukimbizwa kama ya kubeba wagonjwa. Miraa ya siku tatu na ya leo asubuhi si dozi moja hata kilo zikilingana.

Mtafunaji hutafuna gramu 100 hadi 200 za majani kwa kikao, na kathinoni hufika kilele kwenye damu takriban saa mbili baada ya kuanza. Huko kunyonya polepole ndiko kunakomlinda mtu mzima: anaweza kuacha akihisi imetosha. Kwa aliyewahi kuugua homa ya ubongo, au mwenye VVU vilivyokaa miaka bila dawa, kipimo cha "imetosha" ndicho kilichoharibika. Hamu inasema bado, wakati njia ya mwendo na ya hofu zimeshavuka mpaka. Ongeza kwamba miraa yenyewe hupunguza kazi ya CYP2D6, ambacho husaidia kuvunja haloperidoli na dawa kadhaa za sonona. Mgonjwa hodari wa dozi zake anaweza kuja wodini na madhara ya dawa za akili kwa sababu ya kikao cha Ijumaa.

Wodini

Mtu mwenye VVU amefika akiwa amechachamaa, ana joto, anaongea ovyo, na ndugu wanasema ametumia kitu. Kosa la kwanza ni kuamini maneno ya ndugu upesi mno. Pima sukari, pima malaria, tafuta shingo ngumu, pima antijeni ya kriptokokasi (kuvu wanaoshambulia utando wa ubongo), na kama mkono au mguu wa upande mmoja unajirusharusha wenyewe fikiria toksoplasimosisi, maambukizi ya kimelea ambayo hupenda kujenga jipu kwenye viini vya chini na kuigiza mengi tuliyoyaeleza. Kama homa ya ubongo ya virusi vya hepesi inashukiwa, asikloviri mg 10 kwa kila kilo ya uzito kila saa 8 kwa mshipa haingojei majibu yote, na hutolewa siku 14 hadi 21. Ugonjwa huo huacha makovu kwenye sehemu ya pembeni ya ubongo, na kovu hilo ni chimbuko la kifafa. Mwenye kovu hilo akivuta kokeini, kinachobadilika zaidi ni kizingiti cha degedege, raha haibadiliki kiasi hicho. Tramadoli na bupropioni hukishusha kizingiti hicho pia.

Kosa la pili ni haloperidoli mg 5 kwa mazoea. Ubongo wenye VVU vilivyokomaa una dopamini chache, na haloperidoli huziba vipokezi vya hiyo iliyobaki. Madaktari wamejua tangu mwanzo wa miaka ya 1990 kuwa wagonjwa wa UKIMWI hukakamaa kwa dawa hizi upesi kuliko wengine. Ndani ya saa chache macho yanageukia juu, ulimi unatoka, shingo inapinda, na familia inaamini mtu wao amerogwa. Kwa mchachamao wa kichangamshi diazepamu huja kwanza, mg 5 hadi 10 kwa mshipa, polepole, huku pumzi ikiangaliwa. Inatuliza, inashusha mapigo na inazuia degedege. Aliye na joto kali apoozwe kwa maji na feni, kwa sababu joto la vichangamshi ndilo linaloua, na parasetamoli hailishushi. Ikilazimu haloperidoli, anza na mg 0.5 hadi 1, na promethazini iwe karibu: mg 25 hadi 50 kwa msuli hulegeza shingo iliyopinda, mara nyingi ndani ya nusu saa.

Upande wa pili wa shilingi ni mgonjwa mzito, asiye na hamu, ambaye daktari anataka kumpa kichangamshi makusudi. Methilfenidati hutumika kwa uchovu na ulegevu wa VVU na kwa walionusurika homa za ubongo. Kipimo cha kuanzia ni mg 2.5 hadi 5 asubuhi, dozi ya pili isipite saa nane mchana, nyongeza ya mg 5 isitolewe kabla ya juma moja, na kila ujio upime presha, mapigo na uzito. Andika pia kile ambacho mgonjwa hatakwambia bila kuulizwa: vidole vinavyochezacheza, mdomo unaotafuna, usingizi uliopungua. Vikitokea kwa mg 5 usibadilishe aina ya kidonge ukitumaini bahati. Shusha dozi hadi nusu, kisha muulize anatafuna miraa siku gani na saa ngapi.